Maswali ya gari: Nataka kushusha pikapu nyuma

SWALI: Asalam aleikum fundi. Niko Bamburi, nina Hilux dabo kebu 4x4, wikendi inabeba mahema, viti na spika za harusi, siku za kawaida tunatembelea tu. Nyuma iko juu mno, vijana wangu kila siku migongo wakipandisha spika, na kusema kweli mimi mwenyewe napenda gari ikikaa chini. Nishanunua bloki za chuma za inchi 3 na yubolti zake, zile bolti za umbo la U za kufungia springi kwenye ekseli, fundi wa huku anasema ni kazi ya jioni moja tu. Nimpe?

JIBU: Waaleikum salam kaka. Usimpe kwanza. Ingia chini ya gari na tochi uangalie kitu kimoja, ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika tairi mbili, imekaa wapi na springi imekaa wapi. Kwa hio 4x4 yako utakuta springi imelala juu ya ekseli, na bloki kazi yake ni kuingia katikati yao, sasa ukiitia pale inaisukuma springi juu, na bodi nayo inapanda, yaani ulitaka ushuke inchi 3 umeinuka inchi 3 na pesa ushatoa. Bloki inashusha gari ambayo ekseli iko JUU ya springi, kama pikapu nyingi za zamani za 2WD, yaani za kusukumwa na tairi mbili, zile zilizokaa chini. Huyo fundi kama hajaingia chini kuangalia na tayari ashakwambia jioni moja, mimi nisingemwachia gari. Hizo bloki kama bado hazijaguswa zirudishe dukani.

Kuna watakaokwambia basi igeuzwe, ekseli itolewe chini ipandishwe juu ya springi. Inashuka kweli, lakini inashuka kupita kiasi manake unashuka unene wa ekseli ukijumlisha na unene wa springi, kwa kawaida inchi 4 mpaka 6, na hapo ekseli inakaribia kugonga chesisi kwahivyo inabidi chesisi ikatwe pale juu yake na ipigwe chuma cha kuimarisha. Kwa gari ya kupendezesha tu sina neno, mwenye nayo ataamua. Kwa gari inayobeba mzigo na watu siungi mkono kabisa, chesisi iliyokatwa na kuchomelewa halafu ikae kwenye hewa yetu hii ya chumvi, kutu inaanzia palepale kwenye welding.

Sasa fanya hivi. Gari ikiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka ekseli mpaka kwenye ile raba ya chesisi inayozuia ekseli isigonge. Andika. Halafu pakia mzigo wote wa harusi, mahema, viti, spika zote, na vijana wakae ndani kama siku ya kazi, upime tena palepale. Hio nafasi iliyobaki ndio mali yako, hapo ndipo unapokata, hupati kwengine. Tuseme imebaki sentimita 8 ukashusha inchi 2 ambayo ni kama sentimita 5, umebaki na 3 tu, tuta moja la ghafla limezimaliza na ekseli inagonga ile raba. Hio nyuma yenu iko juu kwa makusudi, imewekwa hivyo ili ukipakia ikae sawa.

Ushauri wangu, usipite inchi 2 na ikiwezekana iwe moja na nusu. Peleka springi kwa watu wa springi wenyewe, wale wenye mashine ya kukandamiza, wapunguze ule upinde zikiwa baridi, pleti zote zibaki. Mtu asikutolee ile pleti nene iliyonyooka ya chini kabisa akakwambia haina kazi, hio ndio inayoamka mzigo ukiwa mzito. Yubolti ziwe mpya, zilizokwisha kukazwa zinavutika na haziaminiki tena. Na bolti za kwenye mabushi, zile raba za ncha za springi, zisikazwe mwisho gari ikiwa juu ya jeki, ishushwe ikanyage kwa uzito wake ndio zikazwe, la sivyo raba inakaa imejisokota na baada ya muda mfupi imechanika. Ukifanya kazi siku chache rudi yubolti zikazwe tena.

Na hapa nataka unisikize sana. Kama Hilux yako ni ya zile zisizo na ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge, tazama karibu na ekseli utaona kijiti cha chuma kimeenda mpaka kwenye valvu ya breki. Hio valvu inapima mzigo, bodi ikishuka inajua umepakia na inapeleka breki zaidi nyuma. Wewe ukishusha springi na usiiguse, itadhani umepakia kila saa, siku ya mvua gari tupu unakanyaga breki kidogo tairi za nyuma zinajifunga na mkia unakwenda upande. Lazima isetiwe upya. Mafundi wengi wanashusha na kulipwa bila hata kuiangalia, na hili linanikera kweli.

Taa za mbele pia zirekebishwe, nyuma ikishuka zinaangalia juu unawapofusha wanaokuja. Waambie na watu wa bima kuwa umebadilisha springi. Na kama unavuka Likoni, kumbuka maji yakiwa yamekupwa ile njia ya kupandia feri inakuwa na mwinuko mkali, mkia wa dabo kebu ni mrefu na wewe ushaushusha, bampa inakwaruza.

Kuhusu migongo ya vijana, inchi moja na nusu haitawasaidia. Tengeneza mbao mbili imara za kuegemeza kwenye mlango wa nyuma, spika ziwe na magurudumu, zipande zikisukumwa.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mama wa Kisauni, nina pikapu ndogo ya kubeba mboga kutoka Kongowea. Kijana wa gereji anasema atashusha springi kwa kuzichoma na gesi, bei rahisi na hakuna spea ya kununua. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mama. Hapana, mkatalie. Springi ilipikwa kiwandani kwa moto wa kipimo ndio ikapata ule mrudisho, akiichoma na gesi pale inapogusa moto chuma kinapoteza nguvu, inalegea au inavunjika siku umepakia. Na ikivunjika ekseli inahama upande mmoja gari inakuvuta barabarani. Gari ya mboga iache kimo chake.

SWALI: Niko Tudor, pikapu yangu 2WD nilishusha inchi 3 kwa bloki, imekaa vizuri ila nikifika 70 hivi chini kunavuma na sakafu inatetemeka. Tairi zimebalansiwa tayari.

JIBU: Hio ni propela, kaka, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Ekseli ilipopanda pua ya difu, pale propela inapoingia kwenye ekseli, ilibadilisha pembe, krosi za propela, yaani viungo vyake vya kupinda, sasa zinazunguka zikiwa zimepinda vibaya. Tafuta vile vipande vya chuma vyembamba vya kabari, vya digrii 2 au 3, vinatiwa kati ya springi na bloki kuirudisha pua mahali pake, na fundi apime pembe kabla ya kutia na baada. Krosi ziangaliwe kama zishalika. Na shoki za nyuma kama bado ni zilezile ndefu za mwanzo badilisha utie fupi, manake zikifika mwisho wa safari yake zinavuja mafuta upesi.