Udongo wa mtaro wa choo nao unahitaji kupumzika

Nyinyi wenzangu mnaojenga vyumba vya kupangisha, hili jambo lilinitesa sana acheni niwaambie mapema. Nina vyumba sita Bugembe, hapa nje ya Jinja, tangi la septiki liko chini na maji yake yanaingia kwenye mtaro wa kokoto yanywewe na udongo. Mwaka wa pili mtaro ukagoma, maji yanatokea juu kwenye majani, harufu ya mayai viza, wapangaji wananipigia kila siku na mimi kila mara naita lori la kunyonya, wiki tatu limejaa tena.

Fundi mmoja akachimba kando ya mtaro akaniita nione. Udongo wetu pale ni mwekundu lakini ule uliogusana na kokoto ulikuwa mweusi tii, unateleza kama bamia. Ule utelezi ni bakteria wenyewe na uchafu wao, maji yakituama hewa haiingii, na bakteria wa udongo wanaosafisha vizuri wanataka hewa. Ndani ya tangi wapo wale wasiotaka hewa, hao wanameng'enya nusunusu tu. Kumalizia uchafu, kugeuza amonia kuwa naitreti, kunasa vijidudu vya magonjwa, hiyo yote ni kazi ya udongo.

Nikachimba mtaro wa pili na kisanduku cha kugeuzia maji, mmoja unafanya kazi miezi sita mwingine unalala. Nilipofukua ule wa kwanza baada ya kulala, weusi umeisha kabisa, nikashika udongo mkononi unanukia kama shamba mvua ikianza kunyesha. Nilifurahi jamani! Na wapangaji nimewaomba klorini waache kumwaga ndoo nzima kila Jumamosi, maana inaua hao hao wanaotusaidia.

Wafugaji wa nguruwe mtaniuliza habari ya IMO, yaani vijidudu vya kienyeji vya kukuza mwenyewe, ile ya kuweka wali ndani ya boksi chini ya mianzi mpaka uote ukungu mweupe kama pamba halafu unachanganya na molasi. Nilimwaga kwenye tangi, sikuona tofauti yoyote, kinyesi chenyewe kinakuja na bakteria wake kibao. Ibaki kwenye zizi, pale kuna maranda makavu na hewa. Zile poda za pakiti za kumwaga chooni pia achana nazo, hifadhi pesa yako.

Ila kama umejenga bondeni kama Bwaise kule Kampala, ardhi imelowa mwaka mzima, mtaro hautakusaidia hata uupumzishe vipi. Jenga tangi lisilovuja, uchafu unyonywe na lori upelekwe Lubigi, kwenye ule mtambo wa kusafisha majitaka uliofunguliwa 2014, na kule pia kwenye mabwawa wanaofanya kazi ni bakteria.

Halafu kisima. Naitreti haishikwi na udongo, inateremka na maji, kwa hiyo mimi kisima nimekiweka upande wa juu, mita 30 kutoka mtaroni, na jirani wa chini nilimwambia kabla sijachimba mtaro.