"Vassal" wa Aquitaine tumwite nani kwa Kiswahili?

Msomaji mmoja anatafsiri historia ya Aquitaine, kusini magharibi mwa Ufaransa, na kakwama kwenye "vassal", yaani mtu aliyejiweka chini ya bwana na kukabidhiwa kitu naye. Kaandika: "Mwaka 1259 Henry wa Tatu, mfalme wa Uingereza, alikubali kuwa kibaraka wa Louis wa Tisa." Anauliza kama kibaraka ndo penyewe au aweke mtumwa, na yule wa juu amwite kabaila au mwinyi.

Kibaraka hapana kabisa. Hilo kwetu ni tusi, na Henry alikuwa mfalme na nchi yake, alichokubali ni kwamba ile Aquitaine ameipata mkononi mwa Louis, mfalme wa Ufaransa, ndo maana 1337 Philip wa Sita, mfalme wa Ufaransa wa wakati huo, akatangaza kumnyang'anya Aquitaine Edward wa Tatu wa Uingereza na vita vikawaka vizazi na vizazi. Mtumwa ndo mbaya zaidi, yaani mtu ana ngome na watu chini yake halafu umwite mtumwa?

Mi ningeandika "alikubali kuwa mtu wa Louis". Kiswahili kinalo hili siku zote, ukisema yule ni mtu wa fulani hakuna anayeuliza maana yake, na wao kwenye Kilatini chao waliandika hivyohivyo, homo. Unapiga magoti, unakutanisha viganja, bwana anavifumbata ndani ya vyake, basi ushakuwa mtu wake. Kuna maandishi ya karibu mwaka 1030 hukohuko Aquitaine, Hugh wa Lusignan analalamika weee kwamba mtawala wake William kila siku anamuahidi ardhi na ngome na hampi, na William anamjibu kwamba wewe ni wangu, utafanya nitakavyo. Weka kibaraka hapo uone ugomvi wote unavyopoa.

Huyo wa juu mwite bwana, inatosha. Mwinyi itampeleka msomaji Unguja kwa Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa huko, na kabaila tangu Azimio la Arusha la 1967 inakuja na hukumu yake kabisa, ila mfumo wenyewe wa mabwana na watu wao, "feudalism", uite ukabaila tu, vitabu vya shule vimeshazoea.

Na ile "fief", yaani kile bwana anachompa mtu wake, nimeona msomaji kaiita shamba. Hapana, maana mtu aliweza kupewa ngome, kijiji, au hata haki ya kukusanya ushuru darajani, sasa ushuru utaulimaje? Andika "alichokabidhiwa na bwana wake", ni ndefu kidogo lakini haidanganyi.