Nafaka (hela ya matunzo) ya mtoto aliyebaleghe: apokee mama au apokee mwenyewe?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Nina miaka 20, nasoma chuo mwaka wa pili hapa Dar es Salaam na ninaishi na mama Mbagala. Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la tano. Mahakama ilimpangia baba 150,000 kwa mwezi kwa ajili yangu na mdogo wangu wa kiume, sasa ana miaka 12, na baba huituma kwenye simu ya mama. Kuna miezi 14 aliacha kabisa, kisha akaanza tena. Mimi nauli na hela ya kuchapisha kazi za chuo nakopa kwa wenzangu, na hela yangu inapita kwa mama. Je, nina haki ya kumwambia baba anitumie mimi mwenyewe? Na ile ya miezi 14 akiilipa, ni yangu au ya mama?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Kupokea mwenyewe inafaa, na kuuliza si utovu wa adabu. Mama alikuwa anapokea kwa niaba yako kwa sababu ulikuwa mdogo. Allah Anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 6, kuwa mayatima wakifikia umri wa kuoa na mkaona wanajua kuendesha mambo yao, wapeni mali zao. Ikiwa yatima hukabidhiwa mali yake, basi binti wa miaka 20 aliyebaleghe na mwenye akili ya kutunza hela anaweza kushika matumizi yake. Shida ni kama anajulikana kwa kufuja, mathalani anayecheza kamari za simu au anayemaliza ada kwenye mavazi. Huyo hela yake ibaki mikononi mwa mzazi hadi atengemae, hata akiwa na miaka 25.

Sasa tuangalie kama katika hiyo 150,000 bado lipo fungu lako, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Katika madhehebu yetu ya Shafii, nafaka ya mtoto inamlazimu baba mwenye uwezo pale mtoto anapokuwa hana mali na hawezi kuchuma: mdogo, mgonjwa wa kudumu, au asiye na akili timamu. Aliyebaleghe akawa mzima na anaweza kujitafutia, wajibu huo umeondoka. Wahanafi na Wamaliki, wafuasi wa madhehebu mengine ya Kisunni, wamemtoa binti katika hukumu hii, kwao baba anaendelea naye mpaka aolewe. Wahanbali wanaangalia ufukara tu: mtoto asiye na kitu hulishwa na baba mwenye nacho hata akiwa mtu mzima na mwenye afya. Ama mwanafunzi, Washafii katika mlango wa zaka wamemhesabu mtafuta elimu ya dini ambaye kazi ingemkatisha masomo kuwa ni kama asiye na uwezo wa kuchuma, na wapo waliokipitisha kipimo hicho kwenye nafaka. Kwa maoni yangu, baba aliyeridhia binti yake aende chuo na uwezo anao hatakiwi kumkatia njiani kwa hoja kwamba amebaleghe. Lakini akiwa na kipato kidogo, jua kwamba mpangilio wa mafakihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) unaanza na nafsi yake, kisha mke, kisha mtoto mdogo, kisha wazazi wake, na mtoto mkubwa yuko mwisho. Mdogo wako wa miaka 12 anatangulia mbele yako.

Kwa hiyo usiigawe 150,000 kwa mbili ukadai 75,000. Nafaka ya jamaa hupimwa kwa kutosheleza, haigawiwi kwa vichwa. Ukila na kulala kwa mama, sehemu ya chakula, kodi ya nyumba, maji na umeme imeshakufikia bila kupita mkononi mwako, na si haki kuihesabu mara ya pili. Kinachobaki ni mahitaji yanayokuhusu peke yako: nauli, kuchapisha, bando la kusomea, mahitaji ya kike, nguo, dawa. Piga hesabu ya mwezi mmoja wa masomo, siku zenye vipindi zizidishe kwa nauli ya kwenda na kurudi, ukiwa unapanda daladala mbili andika mbili. Ada iweke kando, hiyo ni bora baba ailipe chuoni kwa namba ya malipo. Kama unapata bumu la Bodi ya Mikopo, litaje pia. Ni mkopo utakaourudisha wewe, kwa hiyo halimfutii baba jukumu, lakini kumficha kisha ukadai kana kwamba huna hata senti ni udanganyifu.

Likizo ndefu ukipata kazi ya kulipwa, dai lako kwa miezi hiyo linashuka kwa kiasi cha kipato chako.

Kuhusu miezi 14, jibu huenda lisikupendeze. Kwa Washafii nafaka ya mke ambayo haikutolewa hubaki deni, ila nafaka ya mtoto hudondoka wakati wake ukipita, kwa kuwa lengo lake ni kuziba haja ya siku ile, na siku imeshapita. Haigeuki deni ila kwa hukumu ya kadhi, au kadhi akiruhusu kukopwa kwa sababu baba ameghibu (hayupo) au amegoma. Na asipopatikana kadhi, mama akikopa au akitoa chake huku akiweka mashahidi kwamba atamdai baba, ana haki ya kumdai arudishe. Baba asifurahie kauli ya kudondoka. Amri ya mahakama ilikuwepo wakati wote, naye anaijua, na Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kwamba yamtosha mtu dhambi kuwatelekeza anaowajibika kuwalisha. Ninaona ailipe.

Akiilipa, ni ya mama. Katika miezi ile ulikula, ulivaa na ulienda chuo, na aliyegharamia ni yeye. Kama alichukua mkopo kwenye kikoba au unga wa mkopo dukani, madeni hayo yalipwe kwanza. Chako ni kile tu ulichokopa mwenyewe kwa ruhusa ya baba, kwa mfano alikwambia "kopa ada kwa mjomba, nitarudisha." Na mama naye asisahau: fungu la mdogo wako mikononi mwake ni amana. Anaruhusiwa kulitumia kwa chakula cha nyumba anachokula kijana, haruhusiwi kulitia kwenye mtaji wa biashara yake.

Upande wa sheria ya nchi kuna tahadhari moja. Huku Bara kadhi anasuluhisha na kunasihi, lakini amri yenye nguvu ya kumbana baba ni ya mahakama ya serikali, na hiyo imemtaja mama kuwa mpokeaji. Baba akianza kukutumia wewe kwa makubaliano ya mdomo, siku wakikosana anaweza kuonekana hajalipa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, lakini inaruhusu mahakama kuendeleza amri ya matunzo kwa aliyevuka umri huo akiwa bado masomoni, na mtoto mwenyewe anaweza kupeleka ombi. Nendeni mahakama iliyotoa amri, mkiwa na nakala ya amri, barua ya chuo inayothibitisha usajili wako na cheti cha kuzaliwa, muombe ibadilishwe: fungu la mdogo liende kwa mama, lako lije kwako. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa atawaelekeza namna ya kuandika.

Kabla ya hapo zungumza na mama, na uanze naye kabla ya baba. Akisikia kwa mtalaka wake kwamba umeomba hela ihamishwe ataona umemgeuka, na haki yake kwako ni kubwa kuliko nauli ya mwezi. Mwoneshe hesabu yako. Yawezekana mkakubaliana apokee yeye na akukabidhi kiasi fulani kila tarehe 5, jambo likaishia hapo bila karani wala muhuri. Mkikubaliana kuhamisha, andikeni karatasi moja yenye kiasi, tarehe, namba ya simu na mwezi wa kumaliza masomo, mashahidi wawili watie saini, na kila mmoja abaki na nakala. Ujumbe wa muamala usiufute.

Baba naye aambiwe asiihesabu nafaka iliyomwajibikia kuwa zaka yake ya Ramadhani. Haisihi, na zaka itabaki shingoni mwake.

Wallahu aalam.