Kuvu kwenye turubali la Suzuki: usianze na Jik

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete, Pemba, na wengine mnaopita hapa.

Kwa ufupi kwa waliochelewa: mwenzetu ana Suzuki Escudo ya milango miwili, ile ya paa la turubali jeusi. Imelala nje ya nyumba masika yote. Sasa ndani ya paa kumejaa vidoa vyeusi, nje mishono imefanya koga ya kijani, na akifungua mlango harufu inampokea yeye kwanza. Anauliza alitie Jik, ile dawa ya klorini ya kupaushia nguo, kama alivyoshauriwa, au alitupe anunue jengine.

Jik hapana. Kutupa, bado.

Mimi gari za namna hiyo ndizo ninazokodisha wageni huku Jambiani, na kabla ya hapo nilikuwa nikizitunza za mtu mwengine, kwa hiyo haya ninayosema nimeyafanya kwa mikono yangu, tena bahari iko mlangoni. Turubali lenyewe la plastiki si chakula kizuri cha kuvu. Kuvu inakula kilichokaa juu yake: vumbi, mavi ya ndege, majani yaliyooza kwenye mikunjo, mafuta ya mikono yetu. Chakula hicho kwetu hakikosekani, na joto ndio usiseme. Kitu pekee unachoweza kuinyima ni maji. Wengi wanatafuta dawa ya kuua, wanaua kweli, kisha wiki ya pili inarudi pale pale kwa sababu mshono haukukauka hata siku moja.

Jaribu hili: mvua ikishakatika na paa limeonekana kavu, bonyeza mshono kwa kidole gumba, hasa pale turubali linapozunguka chuma cha fremu. Utaona maji yanachuruzika. Jua limepiga mchana kutwa, juu pamekauka, lakini ndani ya pindo maji yapo. Hapo ndipo vidoa vyako vinapoanzia, si katikati ya paa.

Sasa kwa nini siipendi Jik. Klorini inapausha, na doa likishapauka mtu anaona kazi imekwisha. Baada ya muda turubali jeusi linageuka rangi ya kahawia, tena kwa mabaka. Nyuzi za mishono, kama ni za pamba au nailoni, zinalika taratibu. Huoni kitu mpaka siku unalivuta kulifunga, mshono unaachia wote. Na vifungo vya chuma vinapata kutu. Kuna ndugu hapo juu ameshauri uchanganye Jik na siki "ili ipate nguvu". Tafadhali usithubutu. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na wewe utakuwa umeinama ndani ya gari ndogo. Kama Jik ulishaitia, suuza kwa maji mengi na uache siku kadhaa kabla ya kugusa siki.

Kabla ya kazi, jua unalo turubali gani. Escudo nyingi zina plastiki juu na kitambaa chini yake. Ukimwaga maji yanateremka yote bila kuingia. Gari za Kijerumani za kufungua paa, hizi BMW na Audi ambazo siku hizi unaziona mjini, nyingi ni kitambaa cha kufumwa juu, mpira katikati, kitambaa tena ndani. Hicho kinataka upole zaidi, na kikishakoshwa kinataka dawa ya kuzuia maji. Chako naamini ni cha plastiki.

Chagua siku yenye upepo mkavu. Anza asubuhi, paa likiwa limevutwa na kufungwa sawasawa, milango wazi, madirisha ya zipu yameshushwa. Mikeka ya chini yote itoe. Usipige brashi likiwa kavu hata kidogo: ukungu mkavu ukiusugua unaruka, mbegu zake unazivuta wewe na nyengine zinakwenda kukaa kwenye viti. Mwenye pumu ampishe mtu mwengine. Hata asiye nayo afunge barakoa, tunazo nyingi tu majumbani tangu wakati ule wa korona.

Lowesha kwanza. Kisha sabuni ya maji isiyo kali, au shampuu ya gari, kwenye maji ya vuguvugu. Brashi iwe ya nywele laini. Ile ngumu ya kusugulia sakafu iache chooni kwake. Teremka kutoka katikati ya paa kuelekea pembeni, kipande kwa kipande, na kwenye mishono tumia mswaki wa zamani. Koga ya kijani hii hatua peke yake inaiondoa. Suuza mpaka maji yatoke bila povu, maana sabuni iliyobaki nayo inakamata vumbi.

Vidoa vyeusi sasa. Siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kupulizia. Puliza, acha kivulini nusu saa hivi bila ya kukauka, sugua kidogo, suuza. Upande wa ndani usimwagie maji. Chovya kitambaa kwenye siki hiyo hiyo, kikamue, gonga gonga juu ya doa, halafu nyonya unyevu kwa taula kavu. Likibaki doa sugu, duka la dawa wana haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Nayo inaweza kupausha, kwa hivyo ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, mfano chini ya ukanda wa nyuma. Weka dakika kumi, futa kwa maji. Kitakachobaki baada ya hapo mara nyingi ni kivuli tu, kuvu imeshakufa na rangi yake imeingia kwenye kitambaa. Kiache. Wanaokwenda mbali zaidi ya hapo ndio wanaotoboa.

Kioo cha nyuma, kile cha plastiki, kina sheria yake. Maji mengi, sabuni, kitambaa laini cha pamba, basi. Spiriti hapana, dawa ya vioo yenye amonia hapana, na usikifute kikavu ukidhani unatoa vumbi. Mchanga wa pwani unakikwaruza mpaka huoni nyuma. Na mashine ya maji ya nguvu ikae mbali na paa. Kituo kimoja cha kukosha magari kiliniondolea utepe wa mshono mzima kwa dakika moja, na kijana alikuwa anacheka akisema lilikuwa bovu tangu zamani.

Halafu kukausha, na hapa ndipo ningekuomba usiwe na haraka. Usilikunje. Liache limevutika, kivulini penye upepo, milango wazi, mpaka ule mshono ukiubonyeza usitoe kitu. Jua la saa sita moja kwa moja kila siku linakausha, kweli, lakini ndilo linalopasua plastiki na kuifanya ngumu. Wewe ni mtu wa Pemba, unajua karafuu ikitiwa guniani kabla haijakauka inavyofanya. Turubali likikunjwa bichi ni hivyo hivyo, tena ndani ya siku chache.

Kuhusu harufu, naona wengi wamekujibu kama kwamba inatoka kwenye paa. Mara nyingi sivyo. Inua zulia la chini. Chini yake kuna sponji au kitambaa kizito kinachonywa maji na hakitoi. Paa likivuja tone tone pembeni mwa kioo cha mbele, maji yanateremka kwenye nguzo na kuishia huko, wewe hujui. Toa zulia lote, lianike, fungua vile vizibo vya mpira vya sakafuni maji yatoke, angalia na kutu. Chomeka na kijiti kwenye matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, utashangaa majani yanayotoka. Ukishafanya haya harufu inaondoka bila manukato. Kuna watu wanafukiza udi ndani ya gari. Wanachopata ni gari yenye harufu ya udi na ya kuvu kwa pamoja. Vile vipakti vya kunyonya unyevu pia sivioni vina maana kwenye gari ya turubali, hewa inapita kila upande, utakuwa unakausha Pemba nzima.

Likishakauka ndiyo upake kinga. La plastiki linataka dawa ya plastiki ya kuzuia jua isiyoacha mafuta, na la kitambaa dawa ya kupulizia ya kuzuia maji. Ukimwagia maji yakasimama vidonge vidonge, bado ina nguvu; yakinywewa, rudia. Dawa ya kung'arishia tairi isikaribie paa. Mafuta ya nazi, ambayo nimewaona watu wakiyapaka ili "ling'ae", yanakamata vumbi, na kuvu inayala vizuri sana.

Sasa kulizuia. Wengi wanalaumu mvua peke yake, na Pemba mvua mnayo nyingi kuliko sisi wa Unguja. Lakini mimi gari iliyonisumbua zaidi ilikuwa ile ya ufukweni, tena wakati wa kusi, mvua hakuna. Ni chumvi. Pitisha kidole juu ya paa asubuhi kisha ulambe, utaijua. Chumvi inavuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo paa lenye chumvi linalala bichi kila usiku hata mbingu zikiwa kavu. Dawa yake ni kulisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila wiki kwa anayekaa pwani, na siku hiyo hiyo ukiishusha gari kutoka kwenye meli. Visima vingi vya pwani maji yake yana chumvi chumvi, hayo yatakurudisha ulipokuwa. Tumia ya mfereji, au ya mvua uliyokinga kwenye pipa.

Umande nao usiusahau. Usiku mbingu zikiwa wazi paa linapoa na umande unalitotesha, hata kiangazi. Kibanda cha makuti au bati kisicho na kuta kinatosha kabisa. Kuta ndizo zinazozuia upepo. Chini ya mwembe usiegeshe, utapata majani, utomvu na mavi ya popo kwa mpigo. Na lile turubai la nailoni la bluu unalofunikia gari, naliona kwenye picha yako, liondoe leo. Linazuia mvua ya juu na linafungia unyevu unaotoka ardhini. Kama lazima ufunike, tafuta kava la kitambaa linalopumua, na usilivike gari ikiwa bichi. Zaidi ya yote iendeshe. Gari inayotoka kila siku kwenda hata Konde na kurudi, madirisha wazi, haipati kuvu kirahisi. Inayosubiri mwenyewe arudi kutoka Dar inapata.

Kuhusu kulitupa: livute kwa mikono miwili pale penye doa kubwa. Likitoa ufa, au ukitazama kwa ndani mchana ukaona mwanga unapenya katikati ya kitambaa, limekwisha. Kama tatizo ni mishono tu, mpelekee fundi wa viti vya gari alishone upya, na mwambie atumie uzi wa poliesta mnene, uzi wa pamba usikubali. Kisha mistari ya sindano ipakwe gundi ya kuzibia mishono, la sivyo kila tundu la sindano ni njia ya maji.

Na ukiamua kununua jipya, usilifunge juu ya fremu ile ile ilivyo. Vua la zamani, kwangua kutu yote kwenye vile vyuma, paka rangi ya kuzuia kutu, subiri ikauke barabara, kwa sababu kutu inatoboa turubali kwa ndani mahali ambapo hutaona mpaka maji yakudondokee kichwani. Kazi hiyo ifanye mvua za vuli zikishapita, kaskazi ikianza kuvuma. Sasa hivi huko kwenu rangi itakuchezea.