Nimeificha fomu ya jeshi chini ya godoro

Mama mmoja anayeishi Marekani ananiandikia kwamba mwanawe wa miaka 17 anamaliza sekondari na anataka kujiunga na jeshi. Mumewe ameshatia saini fomu ya ridhaa. Yeye, ambaye anataka kijana akasomee udaktari, ameificha fomu hiyo chini ya godoro, na anauliza afanye nini ili mume "aache kumuuza mtoto".

Pole, dada yangu. Mzazi ambaye mwanawe anataka kushika bunduki ana haki ya kukosa usingizi.

Hata hivyo, asiyekuwepo na lake halipo, na katika barua yako wasiokuwepo ni wawili: mumeo na kijana mwenyewe. Umeandika kurasa tatu bila kunitajia neno hata moja alilolisema mwanao, lakini mara nne umenieleza kwamba kanisani wote wanajua atakuwa daktari. Ni nani aliyewaambia? Na mbona habari ya kemia, somo ambalo amelirudia mara mbili, umeitia ndani ya mabano?

Huyo mume usemaye hajali, kwa maelezo yako mwenyewe, alitoka zamu ya usiku na kabla ya kulala akafuatana na kijana hadi ofisi ya kuandikisha wanajeshi, akakaa huko saa mbili nzima akiuliza maswali. Anayeuza mtoto huuliza bei tu. Mimi niko upande wake.

Isitoshe, ridhaa ya wazazi inatakiwa kwa sababu kijana ana miaka 17. Umesema anatimiza 18 mwezi Agosti, na tangu siku hiyo hatahitaji saini ya mtu. Godoro litakununulia miezi michache, kisha ataondoka huku amekununia.

Palipo na haki ya kuogopa ni kwenye mkataba, na hapo hukugusa kabisa. Anayejiunga kwa mara ya kwanza kwa kawaida hubeba wajibu wa miaka 8 kwa jumla, sehemu yake katika utumishi kamili na iliyobaki katika jeshi la akiba, ambako anaweza kuitwa tena. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa hiyo kazi atakayofundishwa na fedha atakazoahidiwa ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kwa kuwa ahadi ya mdomo ya mwandikishaji haimfungi mtu.

Chuo nacho hakijafungwa. Kwa sheria ya mwaka 2008, aliyetumikia miezi 36 katika utumishi kamili na kuachishwa kwa heshima hustahili msaada wa masomo wa miezi 36, unaoweza kulipia ada yote ya chuo cha umma kwa kiwango cha mkazi wa jimbo. Ipo pia njia ambayo nyumbani kwenu hakuna aliyeitaja, labda kwa sababu ya kelele: mafunzo ya maofisa yanayotolewa vyuoni, ambapo mwanafunzi akipata ufadhili jeshi humlipia masomo, naye akihitimu hulitumikia akiwa ofisa.

Leo jioni itoe fomu hiyo, uinyooshe, uiweke mezani mumeo akiwa bado hajaenda kazini. Muulize kijana anataka kufanya kazi gani huko jeshini na kwa nini kemia imemshinda. Kisha nyamaza mpaka amalize kujibu, hata kama itachukua muda.