Wolpepa kwenye ukuta wa mbao: anza na mbao yenyewe

Wolpepa ikibanduka kwenye ukuta wa mbao, lawama huiangukia gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Mbao hunywa maji, hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, na karatasi iliyo juu yake inalazimika kufuata au kuchanika. Kabla hujaenda dukani kuchagua maua, chunguza ukuta wako ni wa mbao gani.

Plaiwudi na emdiefu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ni rahisi. Plaiwudi ina matabaka yanayokatizana, kwa hiyo hutanuka kidogo sana. Ubao mzima wa saipresi au paini, kama unaotoka kwenye mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Meru, ni habari nyingine. Ubao wenye upana wa sm 15 unaweza kuongezeka au kupungua milimita moja, hata zaidi, kati ya msimu wa mvua na wa jua. Karatasi inayopita juu ya kiungo cha mbao mbili za namna hiyo itachanika palepale. Kuziba kwa pati hakusaidii, kwa sababu pati ikikauka inakuwa ngumu, na mbao zikisogea inapasuka na ufa unajichora juu ya wolpepa. Kwa ukuta wa mbao mojamoja piga plaiwudi ya mm 6 juu yake, skrubu kila sm 20, ukiacha mm 2 kati ya shiti na shiti. Jaza nafasi hiyo kwa filla ya akriliki, ile inayobaki laini, kisha pitisha utepe wa neti unaotumika kwenye jipsamu.

Ukuta wa nje wa mabanzi unaopigwa na mvua usiubandike kitu. Unyevu utatoka nyuma na ukungu utaota chini ya karatasi.

Kuna jambo ambalo huku kwetu linaharibu kazi nyingi: oili chafu. Mbao nyingi za kuta na dari hupakwa oili ya gari iliyotumika ili mchwa wasizile. Hakuna gundi ya maji itakayoshika hapo, na hata ukipaka rangi juu, oili hupenya polepole na kuacha madoa ya kahawia. Msasa hauiondoi kwa kuwa imeingia ndani. Funika kwa shiti mpya au uachane na wazo la wolpepa kwenye ukuta huo.

Mbao mpya lazima iwe imekauka. Kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke ndani ya chumba hichohicho, ukipime tena baada ya wiki moja. Kama uzito bado unapungua, subiri. Arusha mwezi wa Aprili, au Juni na Julai wakati wa baridi, kusubiri huko kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Mjini Moshi mbao hukauka haraka zaidi. Kazi ya namna hii ipangie Januari, Februari au Septemba ukiweza.

Sasa maandalizi, na hapa usiwe na haraka. Misumari izamishwe mm 2 chini ya uso wa mbao na kila kichwa kiguswe kwa rangi ya mafuta kabla ya kuzibwa, maana gundi yenye maji huitia kutu na doa hutokea mbele. Vifundo vyenye utomvu vipake shelaki (aina ya vanishi inayozuia madoa) mara mbili. Mninga nao hutoa rangi yake, upake vilevile. Piga msasa namba 120, kisha 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, halafu paka andakoti (rangi ya chini) ya mafuta na uiache saa 24. Usitumie ya maji kwenye mbao tupu, kwa sababu inasimamisha nyuzi na uso unakuwa na vinyweleo. Mbao ambayo tayari ina vanishi au rangi ya kung'aa ipigwe msasa 120 hadi mng'ao uishe wote, la sivyo karatasi itateleza leo na kubanduka kesho. Mwisho, paka gundi ya wolpepa iliyozimuliwa kwa maji, ikauke. Tabaka hilo huzuia mbao isinyonye maji ya gundi utakayobandikia.

Roli la kawaida lina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10. Ukuta wa mita 4.5 wenye kimo cha mita 2.6 unahitaji vipande 9. Kila kipande ukikate mita 2.7, ili ubaki na sm 5 za kupunguza juu na sm 5 chini. Roli moja hutoa vipande vitatu, kwa hiyo roli 3 zinatosha. Nunua 4, zote zenye namba moja ya toleo, kwani rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo. Ukingo wa karatasi usikaribie kiungo cha plaiwudi, na shiti yake ina upana wa sm 122. Ukianza na karatasi nzima, ukingo wa kipande cha saba unaangukia sm 371, na kiungo cha shiti kiko sm 366, karibu mno. Punguza kipande cha kwanza kiwe na sm 40, na hakuna ukingo utakaokaribia kiungo kwa chini ya sm 8.

Chora mstari wa kwanza kwa timazi, usiamini kona. Angalia alama kwenye lebo: brashi iliyo kwenye ukuta maana yake gundi hupakwa ukutani. Aina hiyo ndiyo tunayoipendelea kwa mbao kwa sababu haitanuki ikilowa. Aina ya karatasi ya kawaida hupakwa gundi mgongoni, hukunjwa na kusubiri dakika 5 hadi 10. Ukiibandika mapema itatanuka ikiwa ukutani na kuleta mapovu. Sugua kutoka katikati kwenda pembeni, na vunja ncha ya wembe wa kisu kila baada ya vipande viwili, maana wembe butu huchana karatasi mbichi. Funga madirisha na usiwashe feni hadi kesho yake. Upepo hukausha kingo kabla ya katikati, zikanyanyuka.

Ukingo ukinyanyuka baadaye, tia gundi kwa brashi ndogo, subiri dakika 5, pitisha rola ya kingo na ufute mabaki kwa sponji yenye maji safi.