Nimefika Yerusalemu, Mama, mbona sikulia?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mtoto wa Kisauni, masomo yamenileta Yerusalemu, na leo ni siku ya kumi na moja. Kanisani kwetu walinichangia nauli, mchungaji akaniombea mbele ya watu wote. Siku ya tatu nilikwenda Kanisa la Kaburi Takatifu. Nilipanga foleni zaidi ya saa nzima, nikaingia kwenye kile kijumba cha Kaburi, na kabla sijamaliza Baba Yetu mtawa akatuhimiza tutoke. Watu wanasukumana, simu ziko juu. Sikusikia chochote moyoni. Usiku mama akapiga: "Ulilia, mwanangu?" Nikamjibu nililia sana. Sasa anawasimulia akina mama wenzake, nami silali. Tena Jumapili nilikuwa darasani, sikwenda ibadani. Je, nimepotoka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujapotoka. Kinachokunyima usingizi ni ule uongo, kwa hiyo tuanze nao: mpigie mama leo, kabla kanisa zima halijasikia. Mwambie ulichoka, ukasukumwa, ukatoka na macho makavu. Mama wa Kisauni ameshapanda feri ya Likoni jioni watu wakitoka kazini. Anajua msongamano unavyomtoa mtu kwenye sala yake.

Mimi nilisoma mji huo huo miaka miwili. Mara ya kwanza nilipopanda zile ngazi za mwinuko mkali, kulia ukishaingia mlango wa kanisa hilo hilo, hadi Golgotha, nilishuka bila chozi na nikajifungia chumbani siku nzima kwa aibu. Nilikuwa nimekwenda na Golgotha yangu, kilima cha kijani cha kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni kwetu. Nilichokikuta ni mwamba chini ya kioo, taa zinazoning'inia, na jengo ambalo madhehebu sita yanagawana hadi nguzo na saa za ibada. Moyo ulihitaji muda kuiachia ile kalenda.

Na muda unao. Hujaji huja siku nane, basi lake linamngoja nje. Wewe unaishi hapo. Basi rudi, alfajiri, kabla ya makundi. Utaona mlango ukifunguliwa na Mwislamu: ufunguo hutunzwa na ukoo wa Joudeh, na wa ukoo wa Nuseibeh ndio wafunguao, karne kwa karne. Sisi tuliolelewa Mombasa, tuliokuwa tukiletewa sahani ya futari na jirani kila Ramadhani, jambo hilo tunalielewa bila kuelezwa. Mimi lilinipa utulivu wa kwanza katika mji ule.

Kisha panda darini. Hapo panaitwa Deir es-Sultan, juu ya kikanisa cha Mtakatifu Helena, na watawa wa Ethiopia wanaishi kwenye vibanda vya udongo, wakisali kwa Kigeezi, lugha yao ya kale ya ibada. Waafrika wenzetu, mwanangu, juu ya paa la Kaburi Takatifu! Huko ndiko nilikolia, nikiwa na miezi mitatu mjini, siku ya Jumanne tu nikitoka darasani. Mzee mmoja alikuwa ameketi juani, kitabu cha sala magotini. Hakuniambia neno, wala mimi sikumwambia. Sijui hadi leo nililia kwa nini hasa, ila niliomba.

Kuhusu Jumapili usijihukumu. Wiki ya masomo huko huanza Jumapili. Ndiyo maana yapo makanisa yenye ibada Jumamosi, na mengine Jumapili jioni. Ulizia wanafunzi Wakristo waliokutangulia. Sabato nayo huingia Ijumaa jua likizama: mabasi mengi husimama, maduka hufungwa, na mgeni asiyejua hulala na njaa. Nunua chakula Alhamisi. Ukikwama, nenda upande wa Lango la Dameski, kwa wafanyabiashara Waarabu. Hapo Kiswahili chako kitakufaa kuliko Kiingereza: sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, hamsini, yote watayasikia, kwa kuwa hesabu hizo tulizipata kwa Kiarabu. Mimi nilinunua zaituni kwa namna hiyo wiki ya kwanza, na muuzaji akaniongeza konzi nzima kwa furaha.

Ijumaa alasiri wafuate watawa Wafransisko kwenye Njia ya Msalaba. Wanapita katikati ya soko, watu wakiuza viungo na viatu kama kawaida, na nadhani Bwana alipita vivyo hivyo, wengine wakiendelea kupima bidhaa zao. Usingoje ukimya ndipo uombe.

Bethlehemu haizidi kilomita kumi hivi, lakini kuna kizuizi cha ukaguzi njiani, kwa hiyo beba pasipoti yenyewe, si nakala. Mlango wa Kanisa la Kuzaliwa una kimo cha kama mita 1.2, kila mtu huingia ameinama. Ukishafika, mpigie mama ukiwa hapo hapo uwanjani. Mwambie mlango huo unamfika kifuani, na kwamba hata kama angekuja na kilemba chake kile cha Pasaka ingembidi ainame. Halafu niandikie alivyojibu.